Deni la Mzima kwa Mgonjwa

Kenyenya, kusini mwa Kisii mjini ukishapita Ogembo, bili ya hospitali haikai mikononi mwa mgonjwa peke yake hata siku mbili. Inatoka wodini, inapanda pikipiki, inafika nyumbani, na kabla jua halijazama ndugu, mashemeji, majirani na waumini wenzake wameshajua ni shilingi ngapi. Kamati huundwa upesi, na harambee yenyewe mara nyingi huwekwa Jumapili alasiri. Waadventista wameshamaliza Sabato yao jana yake, Wakatoliki wametoka misa ya asubuhi, basi hakuna atakayesema ibada imemzuia.

Nimeketi katika mikutano hiyo mara nyingi. Kuna mwenyekiti, kuna katibu, na kuna mweka hazina mwenye daftari la shule lililopigwa mistari mitatu kwa rula: jina, ahadi, taslimu. Simu huwekwa mezani na kila ujumbe wa M-Pesa ukiingia husomwa kwa sauti: huyu wa Nairobi, huyu wa Nakuru, huyu kijana wetu aliye Minnesota. Mkungu wa ndizi hunadiwa. Jogoo hunadiwa, na aliyemnunua humrudisha mezani anadiwe tena, hata ndege mmoja akaleta fedha za kuku kumi. Mwishoni mweka hazina husimama, husoma majina yote tangu la kwanza, na hakuna anayeondoka kabla jumla haijatajwa.

Ninalipenda daftari lile. Limewatoa watu wengi hospitalini, na limewafundisha watoto wetu kwamba maumivu ya mtu mmoja yana wenyewe wengi. Ndiyo maana naanzia hapo ninapowaza juu ya jambo ambalo sasa limeingia kila nyumba kwa jina la SHA. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya hospitali, na sheria inamtaka kila mkazi wa Kenya ajisajili na achangie. Mazungumzo mengi yamekuwa ya mtandao unaokwama, ya dawa zinazokosekana, ya hospitali zinazodai kwamba hazijalipwa. Ni mazungumzo ya haki. Chini yake, hata hivyo, lipo swali la zamani zaidi: kwa nini nchi nzima ijifunge kulipia matibabu ya kila mtu? Kwa nini isiwaachie watu wa Kenyenya daftari lao, na watu wa kila mahali la kwao?

Jibu naliona katika mambo ambayo daftari haliwezi.

La kwanza, mchango hufuata undugu. Ukiwa mwana wa ukoo mkubwa, na kaka zako wana kazi, na shangazi yako ni mzee wa kanisa, meza itajaa. Mwanamke anayechuma chai katika shamba la mtu mwingine, aliyekuja kutoka mbali na ambaye watu wa kwao hawajui hata njia ya kumfikia, hana wa kumwitia kamati. Mjane aliyegombana na wakwe kuhusu shamba atachangiwa na wachache, tena kwa minong'ono. Yule ambaye kila mmoja anakumbuka ulevi wake wa zamani ataambiwa amejitakia. Hatusemi hivyo kwa ubaya. Ni asili ya hisani: humfikia kwanza anayejulikana na anayependwa. Lakini figo ya asiyependwa hufa kwa njia ileile inayokufa ya mpendwa.

La pili ni muda. Mguu uliovunjika katika ajali ya bodaboda huomba fedha mara moja, na watu wakijitahidi huzipata. Figo zikishindwa, mgonjwa anapaswa kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara mbili kila wiki, bila kukosa, mwaka hadi mwaka. Hakuna kijiji kinachoweza kufanya harambee kila Jumatatu na Alhamisi. Mara ya kwanza watu huja wengi, mara ya pili huja nusu, mara ya tatu simu hazipokelewi, na wasiopokea si watu wabaya. Wana karo za shule na bili zao.

Hata ugonjwa unaoonekana mdogo una mtego huohuo. Mama mwenye shinikizo la damu anahitaji vidonge kila siku. Hakuna aliyewahi kuitisha harambee ya vidonge. Basi hununua vya wiki mbili, anaruka wiki mbili, kwa kuwa mwezi huu majani ya chai yamelipa kidogo. Miezi inapita hivyo mpaka siku anapopooza upande mmoja wa mwili, na hapo ndipo kamati inaundwa, viti vinakodiwa, na fedha zinachangwa ambazo zingemnunulia vidonge kwa miaka. Hisani yetu ni kubwa, lakini huamshwa na msiba. Husikia mayowe, na maradhi mengi huanza kimya.

La tatu ni siri. Ili uchangiwe ni lazima utangazwe. Jina la ugonjwa wako husemwa kwenye kipaza sauti, picha yako ukiwa kitandani huzungushwa katika vikundi vya WhatsApp, na watu ambao hujawahi kuwasalimia hujua ni kiungo gani cha mwili wako kilichoharibika. Anayeumwa mkono atavumilia. Je, mwanamke anayevuja mkojo baada ya uzazi mgumu? Kijana ambaye akili yake imetibuka? Wengi wa hao huchagua kukaa ndani na ugonjwa wao kuliko kuununulia tiba kwa aibu. Mtu anastahili kutibiwa huku heshima yake ikiwa imefunikwa.

Ninaposema haya simaanishi kwamba wazee wetu walikosea. Kabla fedha hazijaenea katika milima hii ya Gusii palikuwa na risaga, majirani wakiitana kulima, kupalilia au kuvuna shamba la mmoja wao, naye mwenye shamba akiwaandalia chakula na pombe ya wimbi. Palikuwa pia na egesangio, kikundi kidogo kilichozunguka kwa zamu kutoka shamba hadi shamba. Kanuni yake ilikuwa kwamba leo mkono wangu uko kwako na kesho wako utakuwa kwangu, na aliyekwepa zamu bila sababu alikuta shamba lake limebaki pori. Huo tayari ni msingi wa bima: unatoa kabla hujahitaji, na unapohitaji huombi, unadai zamu yako.

Msingi huo haukuwa wa Gusii peke yake. Huko Munakata, katika mkoa wa Fukuoka nchini Japani, wanavijiji wa zamani walimtunza daktari wao kwa mchele, kila nyumba ikitoa kulingana na uwezo wake. Mwaka 1938 Japani ilipotunga sheria ya bima ya afya kwa wakulima na watu wasio na ajira rasmi, utaratibu huo wa vijijini ulikuwa miongoni mwa mifano iliyotazamwa, na kufikia 1961 kila raia alikuwa ndani ya bima. Huko Tredegar, mji wa makaa ya mawe huko Wales, wachimbaji na wafanyakazi wa chuma walikatwa sehemu ndogo ya mshahara, ikawekwa katika chama cha kusaidiana kilichoajiri madaktari na kuwatibu wao na familia zao. Mwana wa mchimbaji wa mji huo, Aneurin Bevan, alipokuwa Waziri wa Afya wa Uingereza aliupeleka moyo huo katika taifa zima. Tarehe 5 Julai 1948 huduma ya afya ya taifa ilifunguliwa kwa kila mtu, bila kulipia mlangoni.

Mataifa, basi, hayakubuni jambo hili ofisini. Yalichukua lililokuwa likifanywa na watu wadogo na kulipanua mpaka likamfikia mtu asiye na jirani. Nchi haiwi kijiji kikubwa kwa kusema tu hivyo. Huwa hivyo inapokubali kumlipia mtu ambaye haitamwona kamwe.

Wako wanaosema kwamba nchi huanza bima ya aina hii zikishatajirika. Historia haikubaliani nao. Uingereza ya 1948 ilikuwa imetoka vitani na madeni, na mkate wenyewe ulikuwa bado unagawiwa kwa kipimo mpaka mwezi huohuo wa Julai. Thailand ilianzisha mpango wake mwaka 2002, ambapo mgonjwa alilipa baht 30 tu kwa kila ziara, ikiwa miaka mitano tu tangu sarafu yake ianguke na uchumi wake kuyumba. Rwanda ilianza majaribio ya bima za jamii mwaka 1999, miaka mitano baada ya mauaji ya kimbari, ilhali ni kati ya nchi maskini zaidi duniani, kisha ikazieneza nchi nzima, kila familia ikilipa kwa daraja lake na mafukara wakilipiwa. Ninachokiona katika nchi hizi si utajiri. Kila moja ilikuwa imepita mahali ambapo wenye nguvu walijiona dhaifu. Mabomu ya London yaliwatisha tajiri na maskini pamoja. Mtu aliyewahi kujiona hivyo hapati shida kuelewa kwa nini amlipie mwenzake.

Yako pia maslahi, na si dhambi kuyataja. Otto von Bismarck alipowawekea wafanyakazi wa Ujerumani bima ya ugonjwa mwaka 1883, mfanyakazi akichanga theluthi mbili na mwajiri theluthi moja, alitaka pia kuwavuta wasiwafuate wasoshalisti. Dola huanza na wale inaowahitaji au inaowaogopa. Sisi tumeliona hilo hapa. Hospitali kuu ya Kisii ilianza mwaka 1916 kuwatibu askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa maana vita vilihitaji miili yao. Mwaka 1966 Kenya huru ilipounda NHIF, waliolazimishwa kuingia ni waajiriwa wenye mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi, wakikatwa shilingi 20. Karani wa Nairobi alikuwemo. Mkulima wa Kenyenya aliyeishi kwa pareto, mahindi na ndizi hakuwemo, ingawa mwaka mmoja tu kabla ya hapo serikali ilikuwa imetangaza katika waraka wake wa ujamaa wa Kiafrika kwamba inapigana na umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa kwa wanaotaka kujiunga kwa hiari, na wachache waliingia.

Kwangu mimi, maana ya neno "wote" iko hapo. Bima kwa wote huanza siku dola inapomtunza mtu ambaye haimhitaji: bibi kikongwe asiyelipa kodi ya mapato, mtoto mwenye ulemavu ambaye hatawahi kuajiriwa, kichaa wa sokoni. Kumtunza askari na karani ni busara ya utawala. Kumtunza bibi huyo ni kukiri kwamba uhai wake una thamani kabla ya kupigiwa hesabu.

Kenya imezunguka sana kabla ya kukiri hivyo. Desemba 1989, serikali ikiwa imebanwa na madeni na masharti ya wakopeshaji, ada zilianza kutozwa katika hospitali na vituo vya umma. Watafiti waliokuwa wakifuatilia kliniki moja ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi walikuta idadi ya wanaume waliofika imeshuka hadi asilimia 40 ya ile ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Tufikiri maana yake. Ulikuwa wakati UKIMWI unapanda, na vidonda visivyotibiwa vilikuwa vikiufungulia njia. Wale ambao hawakuja kliniki hawakuacha kuwa na wake, waume na wapenzi. Ada ndogo mlangoni ilihesabiwa kuwa mapato; gharama yake ililipwa na watu ambao hawakuwahi kupanga foleni ile. Ada za wagonjwa wa nje zilisimamishwa mwaka 1990, na mwaka 1992 zikarudi.

Sisi wa milimani tulifunzwa somo hilohilo kwa njia yetu. Mwaka 1999 mlipuko wa malaria uliingia katika wilaya za Kisii na Gucha, na Kenyenya wakati huo ilikuwa Gucha. Watu wa nyanda za juu hawana kinga iliyojengeka ya malaria kama wale wa ukanda wa ziwa, hivyo ugonjwa ukipanda na mvua na joto huwaangusha wakubwa kwa watoto. Katika mlipuko wa namna hiyo, nyumba ambayo haikuweza kumtibu mgonjwa wake ilibaki na mtu mwenye vimelea katika damu, na mbu aliyemuuma alikwenda pia kwa jirani aliyelipa. Ukuta wa matofali na geti la chuma havikumlinda yeyote dhidi ya homa ya mtoto wa jirani. Afya ya mtu mmoja haina mpaka wa shamba.

Mwaka 2004 tulikaribia. Bunge lilipitisha mswada wa bima ya jamii kwa ajili ya wote, uliosukumwa na Waziri wa Afya Charity Ngilu, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia saini, gharama yake ikisemwa kuwa kubwa mno. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, ikaandika kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kwamba asinyimwe mtu matibabu ya dharura. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kwamba kuwazuilia wanawake wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya kushindwa kulipa ada kulivunja haki zao. Nakumbuka jinsi uamuzi huo ulivyozungumzwa kwetu, maana ni nani asiyemjua mama aliyepona lakini akabaki wodini akinyonyesha mtoto chini ya ulinzi, au maiti iliyokaa chumba cha maiti huku ukoo ukiuza ng'ombe? Desemba 2018 yakaja majaribio ya afya kwa wote katika kaunti za Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Na tarehe 19 Oktoba 2023 sheria mpya za afya zikatiwa saini, nazo ndizo zilizotuletea SHA. Majirani zetu Tanzania walipitisha sheria yao ya bima ya afya kwa wote mwaka huohuo.

Sheria inasema mwajiriwa atoe asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Walimu wetu wamelalamika, na makato yao yanaonekana kwenye hati ya mshahara kabla hata hawajaumwa. Hebu tuangalie kwa utulivu. Anayepata shilingi 50,000 alikuwa akikatwa 1,200 na NHIF. Sasa anakatwa 1,375. Anayepata 20,000 alikuwa akikatwa 750. Sasa anakatwa 550. Kwa mwenye laki moja na zaidi, NHIF ilikomea 1,700 hata akipata milioni. Sasa hakuna pa kukomea. Unaweza kugombana na namna fedha zinavyotumika, na nitalifikia hilo. Lakini mgawanyo wenyewe ni wa haki kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa kila mmoja anatoa kipimo kilekile cha alichopewa.

Kwa nini basi iwe lazima? Kwa sababu hiari ina kasoro ambayo hata vyama vyetu vya akina mama vinaijua. Ukiacha mlango wazi kwa anayependa, atakayeingia upesi ni aliyekwisha ugua, na mwenye afya atasema nitaingia nikiugua. Mfuko wa wagonjwa watupu haudumu. Hakuna apandaye mahindi siku ya njaa, na hakuna mfuko wa afya unaojazwa wodini. Kulipa ukiwa mzima, miaka mitano, kumi, bila kulazwa hata siku moja, watu wengi hukuita hasara. Mimi nakuita shukrani, nayo ndiyo shukrani pekee ya afya inayomfaa mtu mwingine.

Ugumu uko kwa wasio na mshahara, nao ndio sisi wengi. Hao hupimwa uwezo wao kwa maswali. Mhudumu wa afya wa jamii, mara nyingi mama wa kijiji kilekile, huja na simu, huketi kwenye benchi barazani na kuuliza. Paa ni la nini? Sakafu ni ya udongo au saruji? Mnapikia kuni au gesi? Maji mnayatoa wapi? Mna mifugo? Bibi anajibu huku akipura maharagwe.

"Magokoro, nyumba hii ya mawe ni yako?"

"Ni ya mwanangu. Alinijengea kabla hajapoteza kazi."

"Na sasa mwatumia nini?"

"Chai, mwanangu. Ikilipa."

Simu haina nafasi ya kuandika "ikilipa." Inaona ukuta wa mawe na dari, haioni jiko lililozimika. Katika Gusii watu hujengea wazazi nyumba kwa upendo na kwa heshima, na nyumba hiyo husimama hata upepo wa maisha ukigeuka. Nyumba yaweza kueleza ulipata nini miaka kumi iliyopita. Haielezi utakula nini kesho. Nchi inayotaka kupima uwezo wa watu lazima ikubali kusikiliza jibu la bibi huyo, na iweke njia nyepesi ya mtu kusema mlinikadiria vibaya.

Tena kuna suala la majira. Kiwango cha chini kabisa kwa familia ni shilingi 300 kwa mwezi, ambacho kwa baba mwenye robo ekari ya chai si balaa. Lakini asiye na mshahara ametakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, shilingi 3,600 kwa kiwango hicho cha chini. Mkulima wa chai hupata malipo madogo ya kila mwezi, kisha bonasi mara moja kwa mwaka, na wakulima wa Kisii na Nyamira wamelalamika kwa muda mrefu kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Mwezi wa bonasi ana fedha, na madeni yamepanga foleni mlangoni. Mpango wa mikopo ya kulipa pole pole umeletwa, na ni hatua. Nafikiri kungekuwa na heshima zaidi kama mchango ungefuata kilimo chenyewe, mkulima akatwe kidogo kwa kilo za majani anazopeleka kituoni, kama mwalimu anavyokatwa kwenye mshahara. Kufikia katikati ya 2025 zaidi ya watu milioni 20 walikuwa wamejisajili SHA, lakini wengi wa wasio na ajira rasmi hawakuwa wakilipa. Sioni ukaidi hapo. Naona utaratibu ambao bado haujajifunza jinsi fedha inavyoingia katika nyumba ya mkulima. Na kwa wasio na hata hiyo chai, serikali ilizindua Oktoba 2025 mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Hao ndio kipimo cha neno "wote". Tuwahesabu vijijini mwetu tuone kama wamefikiwa kweli.

Nimeahidi kusema juu ya fedha. Katika harambee mweka hazina ni mtu tunayemjua hadi kwao. Akila shilingi mia tano, mkewe ataulizwa sokoni. Mfuko wa taifa hauna jirani. Kilichobaki kulinda fedha hizo ni sheria, wakaguzi na dhamiri, na vyote vitatu vimetikiswa. NHIF iliacha nyuma yake kashfa za malipo ya hospitali hewa na matibabu ambayo hayakufanyika. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliripoti kwamba mfumo wa kompyuta unaoendesha SHA, uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 104, hauko katika umiliki wa serikali. Mwaka huohuo Wizara ya Afya yenyewe ilizifungia hospitali kadhaa kwa madai ya udanganyifu. Anayeiba fedha za barabara ameiba lami. Anayeiba fedha za bima ameiba pia nia ya mzima kumlipia mgonjwa, na nia hiyo ikishakufa hairudishwi kwa bajeti ya mwaka ujao. Mkulima aliyedanganywa mara mbili atarudi kwenye daftari la kamati, na yule mchuma chai asiye na ndugu atabaki bila chochote.

Kwa hiyo naomba jambo moja ambalo liko ndani ya uwezo wetu. Hospitali ya Kenyenya, na kila kituo kinachopokea fedha za SHA, kisome hesabu zake barazani mbele ya chifu na wananchi: kimepokea kiasi gani, kimewatibu wangapi, kimedai nini na kimelipwa nini, dawa gani zimeisha na kwa nini. Majina ya wagonjwa yabaki siri. Shilingi zisiwe siri. Tumezoea kusikiliza jumla ikisomwa kabla hatujaondoka. Tukiweza kuidai kwa mweka hazina wa Jumapili, tunaweza kuidai kwa mamlaka ya taifa.

Nchi huchukua bima ya afya kwa wote siku inapokubali kwamba mtu hahitaji ukoo mpana, jina jema wala picha ya kuhuzunisha ndipo atibiwe. Sisi tumeshalipia gharama ya kujifunza hayo kwa ng'ombe waliouzwa, kwa mashamba yaliyokatwa vipande, na kwa watu waliokufa kimya wakiogopa kuwa mzigo. Kilichobaki ni kazi ya wazima. Tulipe tukiwa na nguvu, na tudai hesabu tukiwa na nguvu, maana mgonjwa aliyelala kitandani hawezi kufanya lolote kati ya hayo mawili.